Uliza Ticha: Mantiki ya maneno inanitoa jasho

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja, ile sehemu ya mtihani wa kuingilia shule au chuo ambayo hawakuulizi historia wala kemia, wanakupa maneno tu. Aya fupi, jozi za maneno, herufi za siri, nani ni ndugu wa nani, halafu wanataka kujua kama unaona hoja inasimama au haisimami. Zinazofanana nimeziunganisha, na wale mlioandika kurasa nne mnisamehe, nimekata.

*

Ticha shikamoo. Nakomaa na haya maswali ya mantiki ya maneno kwa miezi sasa, asubuhi nafanya hamsini, jioni hamsini mengine, kitabu nimekimaliza na programu ya kwenye simu nimeizunguka mara mbili. Skoo iko palepale, sitini na kitu. Nikiamka vizuri inapanda kidogo, kesho yake inashuka. Rafiki yangu anafanya maswali machache kuliko mimi na kanipita mbali. Hivi hiki kitu mtu anazaliwa nacho au kuna namna?
*Nimegota*

Marahaba mdogo wangu. Kuna namna, ila kwanza nikuulize, ukishamaliza yale maswali hamsini unafanya nini? Maana nina wasiwasi najua. Unaangalia skoo, unapitia yale uliyokosa, unaona jibu lilikuwa C, unasema "aaah kumbe C, nilikuwa nataka kuiweka", unafunga. Yaani umetumia saa nzima kukusanya makosa halafu ukayamwaga, kesho unaanza kukusanya upya yaleyale.

Mazoezi yenyewe yanaanza pale unapomaliza kujibu. Chukua daftari, la karatasi au la kwenye simu sijali, na kila swali ulilokosa liandikie mistari miwili mitatu. Na usiandike kwanza kwanini jibu sahihi ni sahihi, hiyo kitabu kinakwambia bure. Andika kwanini jibu lako la uongo lilikuvutia. Hapo ndo penye kazi, kwa sababu wanaotunga hii mitihani hawaweki majibu ya uongo hovyohovyo, kila moja limewekwa kumnasa mtu wa aina fulani, sasa wewe inabidi ujue ni aina gani.

Nikupe mfano wa jinsi daftari linavyokuwa. Swali: *Kalamu kwa wino ni kama taa kwa...* na machaguo ni mwanga, utambi, mafuta, giza. Mwanafunzi kaweka "mwanga". Kwenye daftari anaandika: "Nimeona taa nikafikiria mwanga kwa sababu ndo neno la kwanza kuja kichwani, sikutengeneza sentensi." Basi, hiyo tayari ni dhahabu. Sentensi inatengenezwaje? Unaziunganisha zile jozi za kwanza kabla hata hujaangalia machaguo: *kalamu inatumia wino*. Ukijaribu kwenye taa, mafuta yanaingia, ila utambi nao unaingia ukilazimisha, kwahiyo sentensi ni pana mno, ibane: *wino ni kimiminika kinachojazwa kwenye kalamu na kinaisha kadri inavyotumika*. Sasa utambi umeanguka wenyewe. Mwanga haukuwahi hata kusogea, mwanga ni kitu taa inatoa, na wino kalamu haiutengenezi.

Ukishaandika makosa kama hivyo kwa wiki kadhaa utashangaa, hayapo aina thelathini. Yapo matatu, manne. Kuna wa "sikuona neno *isipokuwa*". Kuna wa "nimeongeza ya kwangu ambayo hayakuandikwa". Kuna wa "nilichanganya *baadhi* na *wote*", na kuna aliyeishiwa muda tu akaanza kukimbia. Kila mmoja dawa yake ni tofauti kabisa, na ukimpa wa kwanza dawa ya wa nne unamuua, maana tatizo lake ni kwamba anakimbia na wewe unamwambia aongeze spidi.

Weka alama pia kwenye yale uliyopata kwa kubahatisha. Hayo watu wanayapita kimya kimya kwa sababu yana tiki, lakini siku ya mtihani hayatakuwa na tiki.

Halafu ile programu uliyoizunguka mara mbili, skoo ya mzunguko wa pili usiiamini. Unakumbuka majibu, hata kama huoni kama unayakumbuka. Maswali ya kurudia ni yale ya kwenye daftari peke yake, na unayarudia baada ya siku kadhaa huku umeziba jibu, na safari hii unaeleza kwa sauti kwanini kila chaguo jingine linakataa. Punguza idadi iwe nusu, muda uliobaki ukae na daftari. Taima izime kwanza. Ukianza kupata tisa kwenye kumi bila haraka, ndo unawasha.

*

Ticha nina hasira. Kuna maswali ya kusoma aya halafu useme "kweli", "si kweli" au "haiwezekani kujua". Mimi nimesoma sayansi, kuna vitu NAVIJUA kuwa ni kweli, naweka kweli wananikata. Hawa watu wanataka nini hasa?
*Mwenye hasira*

Wanataka usahau unachokijua, kwa dakika moja tu. Najua inauma, hasa kwa mtu aliyesoma.

Soma hii: *Popo wengi hutafuta chakula usiku. Aina nyingi hula wadudu, nyingine hula matunda au nekta. Popo wengi wanaokula matunda hutegemea zaidi macho na pua kutafuta chakula.*

Sasa wanakwambia: "Popo wanaokula wadudu hutumia mwangwi wa sauti zao kuwinda." Wewe mtu wa sayansi unaruka juu, kweli! Na duniani ni kweli kabisa, popo wala wadudu ndivyo wanavyowinda. Lakini rudi kwenye aya, niwekee kidole kwenye sentensi inayosema hivyo. Haipo. Jibu ni haiwezekani kujua.

Hicho kidole ndo mbinu yenyewe, wala sitanii, kwenye mazoezi weka kidole kabisa kwenye karatasi au skrini. Ukiweza kukiweka kwenye maneno yanayounga mkono, ni kweli. Ukikiweka kwenye maneno yanayopinga, si kweli. Kidole kikizunguka hakina pa kutua, haiwezekani kujua. "Popo wote ni vipofu": kidole kinatua kwenye *macho*, wapo wanaotegemea macho, kwahiyo si kweli. Rahisi.

Sasa hii ndo inayowaangusha hata wazuri: "Popo wote hutafuta chakula usiku." Aya imesema *wengi*. Nusu ya darasa wanaandika si kweli, wanaona kama mwandishi kasema wengi basi lazima wapo wachache wanaotoka mchana. Hajasema. Kasema wengi wanatoka usiku, hao waliobaki kawanyamazia, wanaweza kuwa wanatoka mchana na inawezekana hata hakuwachunguza. Kidole hakina pa kutua. Haiwezekani kujua.

Kwahiyo kuna vineno ambavyo ukiviona unapunguza mwendo: wote, wengi, baadhi, huenda, lazima, kamwe, pekee, isipokuwa, hasa. Angalia pia kukanusha, "si wote waliofaulu" na "wote hawakufaulu" ni vitu viwili mbali kabisa, ya kwanza inawezekana tisini na tisa wamefaulu. Aya inasema *huenda*, sentensi ya swali inasema *itakuwa*, hapo tayari wamekutega. Aya inasema vitu viwili vimetokea pamoja, swali linasema kimoja kimesababisha kingine, mtego wa pili huo, na huu kwakweli ndo wanaupenda kuliko yote.

Na huo ugonjwa wa kujibu kwa unachokiamini usidhani ni wako peke yako. Mwaka 1983 watafiti watatu, Evans, Barston na Pollard, waliwapa watu hoja za kimantiki wazipime, nyingine zikiwa na mwisho unaoaminika na nyingine usioaminika. Hoja mbovu zenye mwisho unaoaminika zilikubaliwa asilimia 71 ya mara. Hoja mbovu vilevile zenye mwisho usioaminika, asilimia 10 tu. Ubovu ni uleule! Watu walikuwa wanapima mwisho, hoja yenyewe hawakuigusa.

Ndo maana ushauri wangu kwako wewe hasa ni kufanyia mazoezi aya za mada usizozijua wala kuzipenda. Kwenye sayansi unajua mno.

*

Naomba msaada kwa hizi za "baadhi". Swali lilisema: Baadhi ya walimu ni waimbaji. Baadhi ya waimbaji ni wakulima. Mimi nikasema baadhi ya walimu ni wakulima, kitabu kinasema hakuna hitimisho. Nimelitazama mpaka macho yamechoka.
*K.*

Acha kulitazama, lichore. Duara la waimbaji katikati. Walimu wanaligusa kwa upande wa kushoto, maana ni baadhi tu. Wakulima wanaligusa kwa upande wa kulia. Walimu na wakulima wamekutana? Kwenye mchoro huu hapana. Ungeweza kuchora mwingine ambao wanakutana? Ndiyo, na hauvunji sentensi yoyote. Basi kama michoro miwili yote inaruhusiwa na majibu yanatofautiana, hakuna hitimisho la lazima, na mtihani unauliza la lazima.

Hiyo ndo namna ya kujipima kila mara, usitafute mchoro unaokubali jibu lako (utaupata tu, kichwa kina upendeleo), tafuta unaolikataa. Ukiukosa kabisa ndo jibu limesimama. Jaribu na hii: baadhi ya walimu ni waimbaji, waimbaji *wote* ni wakulima. Sasa hao walimu waimbaji wanatoka vipi nje ya duara la wakulima? Hawatoki. Baadhi ya walimu ni wakulima, lazima.

Haya maduara si ya kitoto, Euler mwanahisabati alikuwa anayatumia kufundishia mantiki kwenye karne ya 18, na Venn ambaye watu wengi wanalijua jina lake alichapisha ya kwake mwaka 1880. Kwahiyo mtu akikucheka unachora kwenye mtihani mwache acheke.

Ya mwisho, geuza kichwani kabla hujalala: ndege wote wana mabawa, popo wana mabawa, kwahiyo popo ni ndege. Unaikataa mara moja kwa sababu unajua popo si ndege. Sasa weka kunguru badala ya popo. Ndege wote wana mabawa, kunguru wana mabawa, kwahiyo kunguru ni ndege. Umbo ni lilelile, na ni bovu lilelile, ila hii nusu ya watu wanaipitisha.

*

Ticha mi herufi za siri zinanimalizia muda, nahesabu kwa vidole A B C D mpaka nifike. Kuna shotikati?
*Vidole kumi*

Ipo, na haina maajabu, ni kukariri namba za herufi. Huhitaji kukariri zote 26 kwa pamoja, anza na nguzo tano: E ni 5, J ni 10, O ni 15, T ni 20, Y ni 25. Ukitaka R, unajua T ni 20, rudi mbili, 18. Ndani ya siku chache zilizobaki zinaingia zenyewe.

Ukishakuwa na namba, chini ya kila herufi andika hatua iliyopigwa. MEZA imekuwa OGBC: M kwenda O ni mbili mbele, E kwenda G mbili, Z kwenda B mbili (inazunguka inaanza upya), A kwenda C mbili. Basi KITI ni MKVK. Hatua zisipolingana usikate tamaa, ziangalie kama zinapanda. SIMU ikiwa TKPY, hatua ni moja, mbili, tatu, nne, kwahiyo KAZI inakuwa LCCM.

Na kuna ya kioo, A inakuwa Z, B inakuwa Y. Hapo usihesabu kurudi nyuma, herufi na mwenzake ukizijumlisha lazima zifike 27. K ni 11, mwenzake ni 16, ni P. KITABU yote inatoka PRGZYF. Ukiona neno la siri lina Z nyingi na la kawaida lina A nyingi, shuku kioo kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

*

Nimerithi vitabu vingi vya mazoezi kutoka kwa kaka yangu, vizito kabisa, GRE, SAT (mitihani ya kuingilia vyuo vya Marekani), vya kila aina. Vinafaa au nitupe?
*Mrithi*

Usitupe ila usivifuate kama ramani. Hii mitihani inabadilika kuliko watu wanavyodhani. SAT iliondoa yale maswali ya jozi za maneno mwaka 2005. GRE ikayaondoa mwaka 2011, pamoja na ya kinyume cha neno, halafu Septemba 2023 mtihani wote ukafupishwa ukawa chini kidogo ya saa mbili, sehemu ya lugha sasa ni maswali 27 kwa dakika 41. GMAT, ule wa wanaotaka shule za biashara, toleo jipya limeacha maswali ya kusahihisha sentensi. LSAT, ule wa wanaotaka sheria, imeondoa ile michezo ya mantiki (ya kupanga watu au vitu kwa masharti) kuanzia Agosti 2024. Kwahiyo kuna mtu sasa hivi anapiga msuli usiku kucha kwa kitu ambacho hakitatokea kwenye pepa yake, na sababu ni kwamba kitabu kilikuwa cha bure.

Ingia kwenye tovuti ya wenye mtihani wenyewe, soma aina za maswali za mwaka wako, chukua mfano wao wa bure, huo ndo kipimo. Ukishajua aina zilizopo, fungua vitabu vya kaka chukua zile tu. Za kusoma aya na kupima hoja hazizeeki. Na kama pepa yako bado ina jozi za maneno, kitabu cha zamani cha SAT ni hazina.

*

Mtihani wangu uko kwa lugha ambayo si yangu ya kwanza, msamiati unanimaliza. Nimepakua orodha ya maneno elfu mbili, nasoma kila usiku, asubuhi yamekimbia.
*Maneno yamekimbia*

Yanakimbia kwa sababu unayasoma. Kusoma tena na tena kunakupa hisia kwamba unalijua neno, unaliona linafahamika, lakini kulifahamu ukiliona na kulitoa kichwani ni kazi mbili. Watafiti wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwajaribu wanafunzi, kundi moja likasoma matini mara nne, jingine likasoma mara moja na kujikumbusha bila kuangalia mara tatu. Dakika tano baadaye waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71, si unaona wangejisifu? Baada ya wiki moja walikuwa wamebaki na 40 na wale wengine 61. Kwahiyo ziba maana, jiulize, kosea, fungua, ziba tena. Na elfu mbili ni nyingi, chukua yale unayokutana nayo kwenye maswali yenyewe.

Ila kitu kingine, nusu ya maswali unayodhani ni ya msamiati ni ya viunganishi. Tazama: *Ingawa msimamizi alisifika kwa ______, siku ile alifoka mbele ya kila mtu.* Machaguo: ukali, upole, uhodari, ubahili. Kabla hujaangalia machaguo ziba, weka neno lako mwenyewe. *Ingawa* inakwambia kinyume kinakuja, kufoka kinyume chake ni utulivu, ustaarabu, kitu kama hicho. Ukishakuwa na neno lako, hata kama "upole" ungekuwa neno gumu hulijui, ungebaki na matatu unayoyajua ambayo hayafai. Mtu anayeanza na machaguo anavutwa na "ukali" kwa sababu linafanana na kufoka.

*

Mimi ni mzazi, mwanangu ana miaka kumi na ana mtihani wa kuchaguliwa. Nakaa naye saa mbili kila jioni, inaisha analia, na mimi nakaribia kulia.
*Mama*

Pole mama. Saa mbili za mantiki hata mtu mzima analia. Dakika ishirini, ishirini na tano, mkomee hapo hata kama anataka kuendelea, hasa kama anataka kuendelea.

Na akikosa usimwambie umekosa, muulize "umejuaje?" Akipata muulize hivyohivyo, vinginevyo atajifunza kwamba umejuaje maana yake nimekosa. Akieleza kwa mdomo wake mara nyingi anaisikia hoja yake ikivunjika mwenyewe, na hiyo haimuumizi kama kuambiwa. Siku nyingine acheni karatasi kabisa, atunge yeye swali na majibu manne akupe wewe. Mtoto aliyejaribu kutunga jibu la uongo linalofanana na ukweli anaijua mitego kuliko aliyefanya maswali mia.

*

Swali la ndugu: Neema alimwonyesha kijana kwenye picha akasema, "Mama yake ni binti pekee wa bibi yangu mzaa mama." Kijana ni nani? Nimeweka binamu.
*Ukoo umenichanganya*

Umeanzia mbele ukapotea njiani. Anzia nyuma, kwenye neno *yangu*, maana huyo anayesema ndo mtu pekee una uhakika yuko wapi. Bibi yangu mzaa mama. Binti yake pekee ni nani? Kama ni pekee, ni mama yangu, hakuna mwingine. Kwahiyo mama yake huyo kijana ni mama yangu. Ni ndugu yake Neema, mama mmoja.

Neno *pekee* ndo limebeba swali zima, liondoe na binamu wako anarudi. Chora pia, wanawake duara, wanaume mraba, ndoa mstari wa kulala, watoto mstari wa kushuka. Na ukiona machaguo yana "kaka mkubwa" usiyaguse, umri hajautaja mtu hapo.

*

Kwenye ile ya muda mkali tusome aya kwanza au swali kwanza?
*Mbio*

Inategemea na mbio zenyewe. UCAT, ule wa wanaotaka udaktari, kuanzia 2025 kwenye sehemu ya maneno unapewa maswali 44 kwa dakika 22, ni nusu dakika kila moja na aya ziko ndani yake. Hapo husomi aya, hakuna muda wa kuisoma. Unasoma sentensi ya swali, unashika neno moja ambalo haliwezi kubadilishwa, jina, mwaka, namba, unalitafuta kwa macho, unasoma sentensi hiyo na ya kabla na ya baada, unaamua. Usishike neno la kawaida kama "watu" au "maendeleo", litakuwa kila mahali.

Swali likiuliza msimamo wa mwandishi au kichwa kinachofaa, neno la kushika halipo, hilo unaliweka alama na kuliacha mpaka umalize mengine ya aya ileile, maana kufikia hapo utakuwa umeshaisoma vipande vipande bila kujua. Kwenye mitihani yenye dakika moja na nusu kwa swali mimi nasema soma aya yote, mara moja, kwa utulivu. Wapo walimu watakaokataa, ni sawa.

*

Kama sijui, nijaze au niache wazi?
*Fupi tu*

Angalia kanuni za mtihani wako. UCAT na GRE hazikati maksi kwa kukosea, kuacha wazi huko ni kutupa. SAT ilikuwa inakata robo, ikaacha mwaka 2016, lakini mitihani mingine bado inakata.

Ikikata robo na machaguo ni matano, kubahatisha kipofu kwa wastani ni sifuri, hupati wala hupotezi. Ila ukiondoa chaguo moja tu kwa uhakika, wastani unakuwa upande wako kidogo, ukibakiwa na mawili inakuwa zaidi ya theluthi moja ya maksi kila swali. Kwahiyo umeondoa hata moja, jaza. Hujaondoa hata moja, pita.

Na kama haikati, zikibaki sekunde thelathini acha kusoma, chagua herufi moja, jaza yote yaliyobaki herufi hiyohiyo.